Siku Noti Zilipoisha Kituoni

Bonasi ya chai, ile ambayo kiwanda huwalipa wakulima mara moja kwa mwaka, iliingia kwenye simu asubuhi kabla watu hawajamaliza chai. Najua kwa sababu nilisikia simu zikilia mlimani kote, kwa huyu, kwa yule, mpaka ng'ambo ya mto, na mimi nilikuwa nyuma ya duka napiga mswaki. Niliacha mfereji ukimwaga maji nikakimbia kufungua dirisha. Moyo ulikuwa unanienda mbio kama wa mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Mwaka mzima nilikuwa nimeingoja siku ile, na nilikuwa nimejipanga, ama ndivyo nilivyodhani.

Duka langu liko hatua chache kutoka kituo cha kununulia majani ya chai, huku juu ya Kapkatet, mahali ambapo lori la kiwanda hupita mara mbili kwa siku. Ni la mbao, nimelipaka kijani, na nambari ya uwakala nimeiandika ukutani kwa herufi kubwa kuliko kitu kingine chochote. Nauza sabuni, mkate, chumvi ya ng'ombe. Lakini kazi yenyewe ni pesa ya simu, na kwa asiyejua, wakala ana mifuko miwili. Mmoja ni droo, ndani yake keshi. Mwingine ni simu, ndani yake floti. Mtu akija kutoa pesa, nampa keshi na floti yangu inapanda. Akija kuweka, keshi inapanda na floti inashuka. Ukiishiwa na keshi umekufa, ukiishiwa na floti umekufa vilevile, hata kama jumla yako haijapungua senti.

Nimesomea uchumi, usione nakaa nyuma ya wavu nikipima sukari. Miaka minne chuo kikuu, cheti kiko kwa fremu nyumbani kwa mama. Kazi ya ofisi sikupata, na usinionee huruma, nilipata kitu kizuri zaidi. Chuoni tulifundishwa habari ya mahitaji ya pesa: kwamba mtu hushika noti kwa sababu ana matumizi, ama ana hofu, ama anabahatisha bei. Kwamba riba ikishuka watu hawaoni hasara kukaa na pesa mkononi, ikipanda wanaikimbiza benki. Mhadhiri alichora mistari ubaoni, ikashuka vizuri kutoka kushoto kwenda kulia, nasi tukainakili. Hakuna mahali kwenye ile michoro palipoandikwa habari ya majani kulala.

Huku kwetu majani ya chai hayalali. Ulichochuma leo kinapimwa leo. Ukiyaacha kwenye gunia mpaka kesho yanapata joto, yanageuka mekundu, yananyauka, na karani wa mizani anayamwaga mbele ya macho yako bila hata kukuangalia usoni. Mtoto wa huku anajua hivyo kabla ya kujua kusoma. Sasa, pesa ya bonasi inatoka wapi? Kwa majani. Basi nayo isilale. Hakuna mtu aliyeiweka kama sheria na hakuna mchungaji aliyeihubiri, lakini bonasi ikiingia kwa simu asubuhi, jioni lazima iwe mkononi. Niliwahi kumwuliza jirani mmoja sababu, akaniangalia kana kwamba nimemwuliza kwa nini ng'ombe hukamuliwa. "Ikilala inapunguka," akaniambia. Na kusema kweli, kwa yale makato ya hapa na pale ya simu, hakuwa amekosea sana.

Kwa hiyo nilijua watakuja. Nilitoa keshi benki siku mbili mapema, mara mbili ya ile ya mwaka uliotangulia, nikaipanga kwenye droo mpaka droo ikakataa kufunga. Nilichosahau ni kwamba wakala mwenzangu wa pale njiapanda alikuwa amehamia mjini mwezi uliopita. Nilimpigia makofi alipoondoka, mjinga mimi. Mlima mzima ulikuwa umebaki na mimi.

Saa mbili asubuhi foleni ilikuwa imepita kituo, ikapinda, ikashuka kando ya shamba la majirani. Watu wa gumboots, watu wa koti la kanisa, akina mama na vikapu vya kuchumia bado mgongoni. Wa kwanza kabisa alikuwa mama mzee ambaye sote twamwita Kogo, yaani nyanya, kama wanavyosema Wakipsigis wa hapa. Kogo ni mtu mzito pale kituoni. Ndiye mwanamke wa kwanza kupata nambari yake mwenyewe ya mkulima badala ya kuchumia nambari ya mume, na karani akikosea kilo moja ya Kogo, kijiji kizima kinajua kabla ya lori kuondoka.

Watu hawakuwa na furaha sana. Bonasi ilikuwa ndogo kuliko ya mwaka uliopita, na redio asubuhi hiyo ilikuwa imesema mambo mengi, shilingi imepata nguvu, Benki Kuu imeshusha riba, uchumi umetulia.

"Wewe umesoma," Kogo akaniambia, viwiko juu ya kaunta. "Tuambie nani amekula bonasi."

Nilifurahi, wallahi. Miaka minne ya michoro ilikuwa inangoja swali hilo. "Hakuna aliyekula, Kogo. Chai yetu inauzwa kwa dola. Mwaka jana dola moja ilikuwa inaleta shilingi nyingi. Mwaka huu shilingi imepata nguvu, kwa hivyo dola ileile inaleta shilingi chache."

"Shilingi si ni yetu?"

"Ni yetu."

"Na imepata nguvu."

"Ndiyo."

"Na sisi tumepata kidogo."

"Ndiyo, Kogo."

"Sasa hiyo nguvu wamempatia nani?"

Foleni ikacheka mpaka nyuma kabisa, hata wale ambao hawakusikia. Nikasema inawasaidia wanaonunua vitu vya nje, mafuta, mbolea. Akaniuliza kama bei ya mbolea imeshuka. Nikajifanya nahesabu noti zake.

Nikalipa. Jamani, nililipa siku ile. Vidole vilikuwa vinaruka vyenyewe, nambari, jina, ujumbe, noti, asante, anayefuata. Kogo alichukua nusu tu ya pesa yake kwa sababu nilimwomba aniachie nafasi ya wengine, akakubali kungoja nusu iliyobaki, jambo ambalo sikulitegemea. Floti ilipanda kwenye simu mpaka nikaanza kuogopa kuitazama. Na droo ikaanza kufunga vizuri, kisha ikafunga bila kusukumwa, kisha saa nne nikaivuta nikaona mbao za chini.

Nikapigia benki. Mlinzi ninayemfahamu akaniambia foleni yao imefika barabarani, mashine ya kutolea pesa imekauka, na gari la kuleta noti ni kesho. Kila kituo cha chai kati yetu na mji kilikuwa kimeamka na wazo lilelile siku ileile. Pesa ilikuwepo, kila mtu alikuwa nayo kwenye simu, ameisoma, ameirudia kuisoma. Lakini hakuna aliyeweza kuishika.

"Keshi imeisha," nikasema. "Ngojeni kesho."

Halafu mtu mmoja wa gumboots, mrefu, ambaye nimemuuzia mkate kwa miaka mitano, akasema si kwa sauti kubwa, "Kumbe ilikuwa maandishi tu." Na mwingine nyuma yake akajibu, "Hawa wakuja ndio hivyo."

Wakuja ni sisi. Wazazi wangu walitoka upande wa Kisii wakaja kuchuma chai kwenye shamba kubwa la kampuni, nikazaliwa katika zile nyumba za wafanyakazi zinazoitwa laini. Baba alipostaafu, kiinua mgongo chake kilinunua kipande cha ardhi hapa, na alipofariki, kilichobaki kikawa mtaji wa hili duka. Tunapatana na watu. Tunazikana, tunaimba kwaya moja. Lakini biashara ya pesa si biashara ya sabuni. Ukikosea kwa sabuni unarudisha sabuni. Ukikosea kwa pesa ya bonasi, na wewe ni wa kuja, hutauza hata kiberiti tena kwa huu mlima, na mama yako mzee ataishi kati ya watu wasiomsalimia. Hilo ndilo nililoliona mbele yangu asubuhi ile, wazi kabisa.

Na mimi nina hasira za karibu, hata mama hulalamika. Nikapiga kaunta kwa kiganja. "Kabla mizani ya jioni haijafungwa," nikasema, "kila mtu aliye hapa atashika pesa yake. Nikikosa, funguo za duka hizi hapa, mchukue."

Nilijuta kabla sijafunga mdomo. Lakini neno likishatoka halirudi. Kogo akaburuta kreti ya soda, akaiweka mlangoni, akaketi juu yake na kukunja mikono. "Tumesikia," akasema. "Mimi niko hapa."

Sasa nitoe wapi noti? Nilisimama pale kichwa kinazunguka, na kilichoniokoa ni malalamiko. Mzee mmoja kwenye foleni alikuwa anamnung'unikia mwenzake kwamba leo ni siku ya soko la mifugo Mulot, kuna mtamba wa gredi, wa maziwa mengi, amewekewa huko, na yeye amekwama hapa bila karatasi mkononi. Mulot. Mwili wote ulinisisimka, nikawa karibu kucheka. Kwa nini sikuwaza mapema? Mulot siku ya soko ni noti tupu. Ng'ombe hawanunuliwi kwa stori, wananunuliwa kwa keshi. Na wauzaji wakishauza, wana safari ya barabara ya Narok na mifuko imevimba, na kila mmoja anaogopa mwenzake. Wale watu hawataki noti. Wanataka kuzitoa mwilini haraka. Huku watu wana simu wanalilia karatasi, kule wana karatasi wanalilia simu, nami nina floti inayotosha kununua nusu ya soko.

Mama alikuwa amefika na chupa ya uji wangu wa saa nne. Nikamwambia akae dukani, auze sabuni na mkate, asiguse mambo ya pesa. Hakuwa na haja ya kuambiwa. Mama hajawahi kuweka hata shilingi moja kwenye simu, na nikimsihi hunijibu kwamba yeye si mtu wa hewani.

Anayenibeba ni shemasi wa kanisa letu, mtu wa makamo, mwenye bodaboda safi kuliko zote na mwendo wa polepole kuliko zote. Akaniuliza tunaenda wapi. Nikamwambia Mulot. Akaniuliza kama nimeomba. Nikamwambia nitaomba njiani, twende. Sheria za uwakala zinasema nisitoke dukani na ile simu, nazijua, lakini siku ile nilizipa likizo. Nikavaa aproni ya plastiki ya kuchumia chai chini ya sweta, ile yenye mfuko mpana mbele, tukashuka mlima. Bomet tulipita bila kusimama. Mashamba ya chai yakaisha, yakaja mahindi, yakaja ngano, upepo ukawa mkavu, na mimi nilikuwa naimba nyuma ya shemasi kama bibi harusi. Akaniambia nipunguze, tuko barabara kuu.

Mulot ilikuwa vile nilivyowaza na zaidi. Ng'ombe wamefungwa kila mahali, vumbi, watu wanashikana mikono ndani ya mikono ya koti kusemezana bei. Na madirisha ya mawakala, yote matatu niliyoyaona, yamefungwa, kila moja na kibandiko kilekile: hakuna floti. Walikuwa wamemalizwa na kitu kilekile kilichonimaliza mimi, kwa upande mwingine. Nilisimama mbele ya kile kibandiko nikacheka peke yangu. Laiti mhadhiri wangu angekuwa pale, ningemshika mkono nikamwonyesha: tazama, mwalimu, pesa ni ileile ya nchi moja, Benki Kuu moja, na bado hapa ni mzigo na kule ni dawa.

Nikasimama juu ya jiwe karibu na banda la nyama choma nikatangaza. Nina floti. Anayetaka kuweka pesa aje.

Mtu wa kwanza alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, mnene, kofia pana, aliyekuwa ameuza lori zima la madume tangu alfajiri. Akaja na wasiwasi wake wote. "Tuma kwanza nione ujumbe," akasema.

"Nipe noti kwanza nihesabu."

"Mimi sikujui wewe."

"Na mimi nakujua?"

Tukaangaliana. Alikuwa na haki na mimi nilikuwa na haki. Shemasi, ambaye hajawahi kuharakisha jambo maishani mwake, akashuka kwenye pikipiki akasema tuanze na kidogo, kama watu wanaoonja mursik, yale maziwa lala ya kibuyuni, katika nyumba ngeni. Basi yule mchuuzi akaniwekea mkononi elfu moja. Nikamtumia elfu moja. Simu yake ikalia, akaisoma, karibu ainuse. Akaweka elfu tano. Nikatuma tano. Akaweka ishirini. Mara ya nne aliingiza mkono ndani ya soksi, kisha ndani ya fulana, kisha akamwita ndugu yake, na ndugu yake akamwita mwenzake. Watu wakanizunguka. Nilihesabu noti zenye vumbi, noti zenye jasho, noti zenye harufu ya ng'ombe, na aproni ikajaa mpaka nikaonekana mjamzito wa miezi minane. Mchuuzi yule alipomaliza alinyoosha mikono yake mitupu mbele akaitazama, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Sasa naweza kulala njiani," akasema. Mwili wangu wote ulikuwa na raha, siwezi kueleza. Sijawahi kujiona mwenye akili kiasi kile, kabla wala baada.

Ndipo simu ya kazi ikalia mkononi mwangu, na si kwa ajili ya mtu wa Mulot.

Ilikuwa ujumbe wa mtu kutoa pesa. Kwangu. Kwenye nambari yangu ya uwakala, ile iliyoandikwa ukutani. Nikasoma jina, nikalifahamu: ni yule mrefu wa gumboots. Alikuwa amenitumia bonasi yake yote, kana kwamba nimesimama pale dukani na nimempa noti. Nikasema labda amekosea. Ikalia tena, jina jingine la foleni. Ikalia tena.

Raha yote ikanitoka. Droo niliiacha na sarafu. Ni nani analipa watu pale? Labda wamekasirika, wanabeba vitu dukani na kutuma pesa yake. Labda kuna mjanja amesimama dirishani anawadanganya. Nikampigia mama. Simu ikaita ikakatika. Nikapiga tena. Mama hata akiwa na simu mfukoni huisikia kwa bahati.

"Shemasi, twende."

"Umeomba?"

"Twende, tafadhali."

Sikuimba wakati wa kurudi. Mvua ilitukuta Bomet, ile ya mchana ya huku isiyobisha hodi, nikainama juu ya aproni nikiikumbatia. Kila baada ya dakika chache simu ilinilia tumboni, na kila mlio niliuhesabu. Saba. Nane. Nilikuwa nawaza ya funguo, na uso wa mama akiwa amezungukwa na watu. Tulipomaliza kupanda mlima wetu milio ilikuwa kumi na mmoja, na shemasi, Mungu ambariki, alikuwa anaendesha kwa kasi ambayo hakuirudia tena.

Duka lilikuwa limesimama. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiona, nikapumua. Lori la jioni lilikuwa limefika kituoni, mizani bado ina kazi. Foleni ilikuwepo, lakini fupi, imejibanza chini ya paa. Kogo hakuwa mlangoni. Alikuwa ndani, nyuma ya kaunta yangu, miwani puani, ameshika simu ya mteja anasoma ujumbe kwa sauti: jina, kiasi, nambari ya wakala. "Ni yeye, ni sawa," akamwambia aliye kando yake, na aliye kando yake akahesabu noti akazipitisha chini ya wavu. Alikuwa mama.

Mama alikuwa ameketi kwenye gunia la chumvi, gauni limepandishwa kidogo juu ya magoti, na upindo wa shimizi yake ulikuwa umefumuliwa mzunguko mzima. Unaning'inia. Noti alizokuwa nazo mkononi zilikuwa zimekunjwa nyembamba kama vijiti, na kila moja aliinyoosha juu ya paja kabla ya kuitoa.

Sikujua. Miaka yote sikujua. Ule mwaka wa vurugu za uchaguzi, nikiwa shule ya msingi, tulitoka laini na nguo tulizovaa, na mwenye lori aliyekuwa anawatoa watu alitaka nauli taslimu, palepale, kwa kila kichwa. Baba alilipa kwa redio na koti lake. Lakini tuliporudi, na kazi ikaanza tena, kumbe mama alianza kushona noti ndani ya upindo. Noti moja, miezi ikipita, nyingine. Serikali ilipobadilisha noti za elfu, alienda benki peke yake akabadilisha zake zote, akarudi nyumbani akazishona upya, na mimi wakati huo nilikuwa chuoni naandika insha kuhusu watu wanaoweka pesa kwa sababu ya hofu. Niliandika kurasa kumi na mbili. Nilipata alama nzuri.

"Mama," nikasema. "Hii ni nini umefanya?"

"Huyu mama ameketi hapa bila kula," akasema, akimwonyesha Kogo kwa kidevu. "Nikamgawia uji. Akaniuliza, mtoto wako atarudi? Nikamwambia atarudi. Akasema, mimi najua atarudi, lakini hawa hawajui." Akanyoosha noti nyingine. "Yule mrefu ndiye alikuwa anasema sana. Nikamlipa yeye kwanza."

Nikafungua aproni. Noti za Mulot zilimwagika kaunta nzima, na mtu mmoja kwenye foleni akasema taratibu, "Hizo zinanuka ng'ombe." Tukalipa. Mimi, mama na Kogo, watatu nyuma ya kaunta ya watu wawili, tukalipa mpaka mtu wa mwisho, na Kogo nikamkamilishia nusu yake. Mizani ilikuwa bado inapima. Yule mrefu wa gumboots alirudi, akasimama mlangoni akizungusha kofia mikononi, akanunua mkate ambao nadhani hakuuhitaji, akalipa kwa simu, akamwambia mama jioni njema, mama. Sikuwahi kumsikia akimwita mama kabla ya siku ile.

Watu walipoondoka nikahesabu za mama. Ilikuwa rahisi, ujumbe kumi na mmoja, nikajumlisha. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani, zilikuwa nauli ya watu wengi kwenda mbali sana. Nikachagua noti safi, zile zisizo na matope, nikazipanga mbele yake.

"Hizi zako, mama."

Alikuwa ameazima sindano kwa Kogo na ameanza kushona upindo wake. Hakuinua kichwa. "Ziweke kwa simu."

"Kwa simu? Wewe hata hujajiandikisha..."

"Si ndiyo kazi yako? Niandikishe uziweke."

Kogo alikuwa ameketi kando yake kwenye gunia lilelile, ameshika kitambaa kivutike vizuri. Nikainama, nikamwuliza mama kwa lugha yetu, polepole, ili Kogo asielewe: na siku tukiambiwa tuhame, je?

Mama alinijibu kwa Kiswahili, kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuulizia bei sokoni.

"Tuhame twende wapi?"

Akaendelea kushona. Upindo ulikuwa mtupu, umelala bapa mzunguko wote, na Kogo akamwonyesha kwa kidole mahali pamoja ambapo uzi ulikuwa umeruka.